Wembe, Mugumo na Siku Mia Moja

Mwaka 1991 Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Afya katika serikali ya Daniel arap Moi, aliwaambia Wakenya kwamba kutaka kuing'oa KANU madarakani ni sawa na kutaka kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Mwaka ule haukuisha kabla hajaacha uwaziri, akaihama KANU na kuanzisha chama chake cha Democratic Party. Wembe aliokuwa akiudharau akaushika yeye mwenyewe. Miaka 11 baadaye mugumo ulianguka, na mkono ulioapishwa kuchukua nafasi yake ulikuwa wa Kibaki.

Kila msimu wa kampeni kauli hii hufufuliwa. Watangazaji huirudia, wapinzani hutaniana nayo, vijana waliozaliwa baada ya KANU kuondoka huijua. Nimeifuata mahali kwa mahali, kuanzia Thika hadi Uhuru Park jijini Nairobi, kwa sababu naamini tumehifadhi kauli isiyostahili. Tumelishika kosa la kuchekesha, ambalo halikumwumiza mtu, tukayaacha yapite maneno mengine ya mtu huyo huyo na ya wenzake, maneno yaliyotamkwa kwa unyenyekevu mkubwa na kupigiwa makofi, ambayo baadaye yaliwagharimu Wakenya nyumba na roho.

Thika ndipo pa kuanzia, kwa sababu mugumo mmoja wa huko ulikwisha kuanguka zamani. Katika masimulizi ya Wagikuyu, Mugo wa Kibiru, mtabiri aliyeona kuja kwa wageni na kwa nyoka wa chuma ambaye ni reli, alisema pia kwamba utawala wa wageni hao utakoma siku mugumo fulani wa Thika utakapoanguka. Inasimuliwa kwamba Waingereza waliuzungushia mti ule chuma na saruji ili usimame. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, radi iliupiga ukapasuka. Mahali pale sasa ni bustani yenye jina la mti wenyewe.

Ukitaka kuelewa kwa nini Kibaki aliuchagua mti huu, usogelee ulio hai. Aghalabu mugumo hauanzii ardhini. Ndege hula tunda, hudondosha mbegu kwenye panda la mti mwingine, na mche huota huko juu. Kisha mizizi huteremka kama kamba, humzunguka mwenyeji wake, huungana, hunenepa, na baada ya miaka mingi mti wa kwanza huwa umekufa ndani ya wa pili. Ukilikwaruza gome kwa kitu chenye makali hutoka utomvu mweupe unaonata, na kidonda hufunga. Wembe haufiki popote. KANU nayo ilikua vivyo hivyo. Iliundwa Mei 1960. Kufikia mwisho wa 1964 KADU, mshindani wake, kilikuwa kimevunjwa na watu wake kuingia KANU. KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kilipigwa marufuku mwaka 1969. Juni 1982 Bunge likapitisha kifungu cha 2A cha katiba, kikaifanya KANU kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Kibaki wakati huo alikuwa Makamu wa Rais. Na mwaka 1960 ni yeye aliyeacha kufundisha Makerere ili awe afisa mtendaji wa chama hicho kipya. Mti huo aliujua tangu ukiwa mche.

Ila msikilizaji wa Nyeri, Murang'a au Kiambu aliposikia habari za mugumo na wembe hakusikia habari za mti mnene tu. Alisikia habari za mti ambao wazazi wake waliusimulia ukianguka, ukaanguka na dola nzima. Mfano ule ulibeba jibu lake ndani yake. Sidhani Kibaki, mtu aliyesoma sana na mzaliwa wa Othaya, hakulijua hilo. Nadhani alikuwa akisema alichotakiwa kukisema, na hapo ndipo Kasarani inapoingia.

Kutoka Thika, matatu za 237 hushuka Juja, Ruiru na Githurai kwa barabara pana ambayo Kibaki mwenyewe aliifungua Novemba 2012, miezi michache kabla ya kustaafu. Uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 na kupewa jina la Moi, uko upande wa mashariki wa barabara hiyo. Watu huufikiria kuwa uwanja wa mpira na riadha. Kwa anayefuata maneno ya wanasiasa, Kasarani ni mahali ambapo kusema na kujikanusha kulifanyika hadharani na kwa pamoja.

Tarehe 3 Desemba 1991 wajumbe wa KANU walikutana hapo. Wiki moja kabla, wafadhili walikuwa wamekutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa Kenya hadi serikali ibadili mwenendo. Wajumbe hawakujua mwenyekiti wao ameamua nini. Wakasimama mmoja baada ya mwingine kuulaani mfumo wa vyama vingi: utaleta ukabila, utaleta damu, wanaoutaka ni vibaraka wa wageni. Kisha Moi akasimama, akawaambia kwamba kifungu cha 2A kitaondolewa. Ukumbi uleule uliokuwa ukipinga ukashangilia. Kwa siku moja watu walewale walikula kiapo cha maneno na kukitapika, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kilichobadilika.

Ndiyo lugha waliyokuwa wamelelewa nayo. Moi alisema KANU itatawala miaka mia moja. Shariff Nassir wa Mombasa, msemaji hodari wa jukwaani, alijulikana nchi nzima kwa neno lake moja, "wapende wasipende", alilolitumia kuutetea upigaji kura wa mlolongo, yaani wa kupanga foleni hadharani. Katika hali hiyo mwanasiasa hakuwa akizungumza na mpiga kura. Mpiga kura alikuwa kiwambo tu. Sauti ilikuwa ikielekezwa kwa sikio moja la Ikulu. Kauli ya Kibaki juu ya wembe ni ya familia hiyo. Waziri aliyekwisha kushushwa cheo kutoka makamu wa rais mwaka 1988 alikuwa akionyesha kwamba bado ni mtu wa nyumbani.

Wakati ule ule kulikuwa na watu waliokuwa wameushika wembe kweli. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha vyama vingi hadharani Mei 1990, wakatiwa kizuizini siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba pale Kamukunji. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakurudi tena kuwa mzima kama awali. Agosti 1991 Jaramogi, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz walitangaza vuguvugu la upinzani la FORD, na mwezi Novemba polisi wakawakamata viongozi wake walipojaribu kufanya mkutano Kamukunji. Nikiisikia kauli ya wembe ikichekewa redioni, huwafikiria hao. Kosa lake halikuwa kwamba utabiri ulikosewa. Kosa ni kwamba mtu mwenye elimu na heshima aliwaambia wenye kuumia kwamba wanaumia bure.

Hata hivyo Wakenya hawakumwadhibu sana kwa hilo. Desemba 1992 Kibaki alipata takriban asilimia 19 ya kura, nyuma ya Moi aliyeshinda kwa asilimia 36 na Matiba aliyepata 26. Kura za upinzani, zikiwa zimegawanyika, zilizidi za mshindi. Wapo waliomwita mwoga aliyengoja mlango ufunguliwe na wengine ndipo apite. Mwaka 1997 alifika asilimia 31, wa pili. Nafikiri walimsamehe kwa sababu kila mtu alikuwa na kauli kama ile nyumbani kwake. Nani hakuwahi kuinua kidole kimoja na kusema "Jogoo!", alama ya KANU, ili chifu amwache? Na Kibaki alikuwa na kauli nyingine iliyompa heshima. Walipojaribu kumwibia kura Othaya mwaka 1988, alisema kwamba hata kuiba kura kunahitaji akili kidogo. Watu waliipenda kauli hiyo. Inafaa ikumbukwe, maana tutaihitaji mbele.

Mwaka 2002 barabara ya Thika ilikuwa mpaka wa dunia mbili. Tarehe 14 Oktoba KANU ilikutana tena Kasarani kumwidhinisha Uhuru Kenyatta, kijana ambaye Moi alikuwa amemteua miezi mitatu nyuma bila kuwasikiliza wazee wa chama. Siku hiyo hiyo, chini mjini, Uhuru Park ilifurika. Raila Odinga alisimama akauliza kama Kibaki hatoshi, kisha akatamka maneno mawili: "Kibaki tosha." Machi ya mwaka huo huo, Kasarani hiyohiyo, Raila alikuwa amekivunja chama chake cha NDP, akakiingiza KANU na kuwa Katibu Mkuu wake. Mugumo ulikuwa umemeza mche mwingine, na safari hii mche ulitoka na nusu ya matawi. Simeon Nyachae, aliyetaka mgombea apatikane kwa utaratibu wa wajumbe na si kwa tamko la jukwaani, alikwenda zake akagombea kivyake. Alizomewa wakati ule. Nikiyasoma ya mwaka huo naona alikuwa na hoja: maneno mawili yalibeba kila kitu, na makubaliano yaliyokuwa chini yake yalifungiwa katika karatasi ambayo umma haukuoneshwa vizuri.

Karatasi hiyo ilikuwa mkataba wa maelewano kati ya kundi la Kibaki na kundi la Raila. Vyeo nusu kwa nusu, na Raila awe Waziri Mkuu mara katiba mpya itakapounda cheo hicho. Na katiba mpya, muungano wa NARC uliwaambia Wakenya katika kampeni, itapatikana ndani ya siku 100.

Hapa nataka kukaa kidogo. Siku 100! Ahadi hii haikutolewa kwa ulimi kuteleza. Ilirudiwa mkutano baada ya mkutano, na ilirudiwa hata mgombea mwenyewe alipokuwa hospitalini London, baada ya gari lake kupata ajali Desemba 3 akitoka kwenye kampeni Ukambani. Raila, Michael Wamalwa, Charity Ngilu na wenzao walimwombea kura kana kwamba wanajiombea wenyewe. Tarehe 27 Desemba Kibaki akapata asilimia 62, Uhuru 31. Tarehe 30 akaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa kwenye plasta, mbele ya umati uliokuwa umepanda hata miti. Alisema rushwa haitakuwa tena desturi ya maisha ya Kenya, na kwamba serikali haitaendeshwa tena kwa matakwa ya mtu binafsi. Waliomsikia walilia. Moi alikaa karibu naye, na watu walimrushia matope.

Siku 100 tangu kiapo zilitimia tarehe 9 Aprili 2003. Mkutano wa wajumbe wa kuandika katiba, watu 629 chini ya Profesa Yash Pal Ghai, ulifunguliwa katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi mwisho wa Aprili. Kwa hiyo ahadi ilikuwa imekwisha muda wake kabla mjumbe wa kwanza hajakaa kitini. Hili lingeweza kusamehewa. Katiba ni kazi. Lisilosameheka ni kilichofuata. Waliokuwa wakitaka madaraka ya rais yapunguzwe walipokuwa nje waliyaona ni matamu walipokuwa ndani. Machi 2004 upande wa serikali ulitoka nje ya Bomas ukiongozwa na Makamu wa Rais Moody Awori. Rasimu iliyopelekwa kwenye kura ya maoni Novemba 21, 2005 ilirejesha mamlaka mengi kwa rais. Raila na wenzake waliipinga kwa alama ya chungwa, serikali ikaitetea kwa ndizi, na chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58. Siku mbili baadaye Kibaki alilivunja baraza lake la mawaziri. Mkataba wa maelewano ukazikwa rasmi. Kwa upande wa rushwa, John Githongo, aliyekuwa ameteuliwa kuipiga vita kutoka ndani ya Ikulu, alijiuzulu Februari 2005 akiwa ng'ambo kwa sababu ya kashfa ya Anglo Leasing.

Naandika hili bila kusahau elimu. Januari 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, kama ilivyoahidiwa, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa amevaa sare. Nimeona mama mmoja sokoni akiitaja serikali ile kwa wema hadi leo kwa sababu ya hilo tu, na ana haki. Ahadi hiyo pia ilitamkwa jukwaani kwenye vumbi lile lile, na mtu mmoja yuleyule. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba maneno ya kampeni ni upepo. Lililokuwa na bajeti, tarehe na mtu wa kuulizwa lilitimia ndani ya wiki chache. Lililowataka wenye madaraka wajipunguze lilingoja.

Na lilingoja hadi nchi ikawaka. Septemba 2007 Kibaki alizindua muungano wa PNU kwa kaulimbiu ya "Kazi Iendelee". Ndani yake ilikuwamo KANU. Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Kiongozi Rasmi wa Upinzani Bungeni, alimwunga mkono rais aliyekuwa akimpinga, na mzee Moi akafanya vivyo hivyo. Kibaki aliyesema mugumo haukatiki, kisha akaukata, sasa alikuwa akipumzika kivulini mwake. Kama kuna kujikanusha kunakostahili kukumbukwa kwa jina lake, ni huku. Lakini hakuna anayekusimulia redioni, kwa kuwa hakuna mfano mzuri wa mti na wembe wa kukusimulia nao.

Kutoka Uhuru Park hadi lango la Ikulu ni mwendo wa miguu, kupanda kilima. Tarehe 30 Desemba 2007, miaka mitano kamili tangu siku ya kiti cha magurudumu, Kibaki aliapishwa tena, mara hii ndani ya Ikulu, jioni, mbele ya watu wachache, muda mfupi baada ya matokeo kutangazwa. Siku chache baadaye mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alisema hajui kama Kibaki alishinda. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza baadaye ilisema uchaguzi uliharibiwa kiasi kwamba haiwezekani kujua mshindi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa 1,133. Mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Kule Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliojificha kanisani walichomwa moto, wengi wao wanawake na watoto. Mtu aliyesema mwaka 1988 kwamba hata kuiba kura kunahitaji akili hakupata wakati wa kueleza akili ipi iliyotumika safari hii.

Hapa nasikia msomaji akiniambia kwamba vita vile havikuletwa na ahadi ya siku 100. Ni kweli kwamba vilikuwa na mizizi mingi: ardhi, ukabila uliopandwa tangu 1992, vijana wasio na kazi. Lakini jaribu kuufikiria uchaguzi wa 2007 ukifanyika chini ya katiba iliyogawa madaraka, na mkataba wa 2002 ukiwa umeheshimiwa. Ushindi usingekuwa kila kitu, wala kushindwa kusingekuwa kufutwa. Watu hawakuuana kwa ajili ya kauli ya wembe. Waliuana katika nchi ambayo waliokuwa wamekubaliana mbele ya umma walivunja makubaliano bila kuadhibiwa, na kila upande ulijua neno la mwenzake halina dhamana.

Baada ya Kibaki desturi iliendelea. "Kumi yangu, kumi ya Ruto," Uhuru Kenyatta aliwaambia wafuasi wake, akihesabu miaka ya urais wake na wa naibu wake William Ruto, na mwaka 2022 kumi ya pili aliyoiombea kura ilikuwa ya Raila. Vijana waliitoa video ile kila wakati kampeni zilipopamba moto, na wakacheka. Sina ugomvi na kicheko chao. Ningependa tu, pembeni ya video hiyo, wangehifadhi pia orodha ya ahadi za pande zote za mwaka huo, kijiji kwa kijiji, na tarehe zake.

Katiba ilikuja mwishowe. Ilizinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, Kibaki akiitia sahihi na kuiinua juu mbele ya umati, Raila akiwa Waziri Mkuu kwa mapatano ya Februari 2008 yaliyosimamiwa na Kofi Annan. Kutoka kiapo cha 2002 hadi siku hiyo ni siku 2,797. Katiba ile imepunguza mamlaka ya rais, imeunda kaunti 47 na Mahakama ya Juu ya kusikiliza kesi za urais. Cheo cha Waziri Mkuu, kilichoahidiwa katika karatasi ya 2002 na kupatikana baada ya makaburi ya 2008, hakimo.